Kijiko Kikavu

Wapo wanaopanda cheo kwa vyeti, na wapo wanaopanda kwa kucheka vichekesho vya bosi hata vikiwa vimechacha. Mkurugenzi wa Uzalishaji wa kiwanda cha soda alipanda kwa ulimi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi wajumbe wa bodi, kila mtu alimwita Ulimi.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na miwili, hana cheti wala mpango, kazi yake kubwa mpaka hapo ikiwa ni kukaa juu ya ukuta wa mtaa na kuhesabu wapita njia. Jirani mmoja aliyekuwa akifanya kazi kiwandani alimpita hapo asubuhi tatu mfululizo. Ya nne akasimama.

"Unasubiri nini hapo, bwana mdogo?"

"Nasubiri mambo yanyooke."

"Huo ukuta haulipi mshahara. Shuka twende."

Jirani huyo aliitwa Mpishi, ingawa hakuwahi kupika hata uji. Alikuwa mtu wa chumba cha shira, yale maji mazito ya sukari, rangi na ladha ambayo baadaye huongezwa maji na gesi yakawa soda. Alimwombea kijana kazi ya kukagua chupa tupu zilizorudi kutoka madukani. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu mbele ya taa kali, chupa zinapita, wewe unatoa zenye ufa, zenye mende, zenye vipisi vya sigara. Siku moja alitoa yenye jino la mtu. Mwaka mzima, akifumba macho, chupa zilimpita ndani ya kope.

Ulimi wenyewe uligunduliwa wakati wa mapumziko. Wafanyakazi walipewa soda, wote wanakunywa wanabeua, yeye akaitazama yake na kusema, "Hii ya leo ndimu imepungua." Wakamcheka. Mpishi peke yake hakucheka. Alikwenda kupima mizani ya chumba cha shira akaikuta inadanganya. Kesho yake akamshika mkaguzi wa chupa mkono mpaka ofisini kwa meneja. "Huyu msimweke kwenye taa," alisema. "Huyu ana ulimi."

Ndivyo ulivyoanza utaratibu ambao kiwanda kizima kiliuheshimu kuliko saa ya ukutani. Maabara walipima sukari na uchachu kwa vyombo vyao, sawa. Lakini hakuna tangi la shira lililofunguliwa kabla Ulimi hajaonja. Mpishi alileta sinia ndogo yenye glasi na kijiko. Ulimi alikoroga, akaonja, akatazama dari, akagonga glasi kwa kijiko mara mbili. Mara mbili maana yake fungua koki. Asipogonga, hata Mkurugenzi Mkuu angesimama hapo na tai yake, koki haifunguliwi.

Kwa ulimi huo huo alipata mke. Alialikwa chakula nyumbani kwa Mpishi, na dada yake Mpishi, fundi cherehani mwenye maneno makali kuliko mkasi wake, akamwekea sahani akabaki amesimama, mikono kiunoni.

"Nasikia wewe unajua kila kitu kilichomo. Haya, chumvi vijiko vingapi?"

Akaonja mchuzi. "Viwili. Cha tatu ulimwagia kwa mkono, ukiwa na hasira."

"Hasira na nani?"

"Na mgeni."

Walioana mwaka uliofuata. Mpishi akawa shemeji, na utani kati yao ukapata leseni.

Miaka ikaenda. Msimamizi, kisha meneja, kisha Mkurugenzi wa Uzalishaji mwenye ofisi yenye zulia. Mpishi alibaki chumba cha shira kwa hiari yake. Akiulizwa kwa nini hapandi, alisema ngazi zinamuumiza magoti.

Ulimi alikuwa na miaka hamsini na sita alipopatwa na mafua mabaya ya wiki mbili. Mafua yakaondoka, yakaondoka na mzigo wake. Kahawa ikawa maji ya moto. Sabuni na embe vikawa kitu kimoja. Daktari akamwambia ladha inaweza kurudi, inaweza isirudi, akamwita mgonjwa anayefuata.

Mke wake alijua siku ya nne. Alipika bila chembe ya chumvi, makusudi, akamtazama anavyomaliza sahani.

"Leo umepatia," mume akasema.

Mke akaketi taratibu. Hakumcheka, yeye ambaye angecheka hata kwenye foleni ya hospitali. Kuanzia siku hiyo, kila alipompakulia alikaa ubavuni mwake akamweleza. "Leo kuna ndimu kidogo, inakuja mwishoni. Kitunguu kimeungua upande mmoja, usijali. Pilipili iko mbali, kama inapiga hodi." Mume alikula amefumba macho. Alimwambia kwamba hivyo chakula kimekuwa kitamu kuliko zamani, na hakuwa anadanganya.

Kiwandani hakumwambia mtu. Mkurugenzi Mkuu alikuwa anakaribia kustaafu, na kiti chake kilikuwa na watu wawili wanaokitazama, Ulimi na Mkurugenzi wa Mauzo, bwana ambaye kwake soda zote zilikuwa na ladha moja, ladha ya mauzo. Ulimi asiyeonja angekuwa nani? Mzee mmoja mwenye zulia. Kiti kingemponyoka kabla ya jioni.

Siku mbili baada ya kurudi kazini, Mpishi alimletea kimakosa glasi ya maji ya rangi tupu, hayajatiwa kitu. Ulimi akaonja, akatazama dari, akagonga mara mbili. Mpishi hakufungua koki. Alirudi na glasi nyingine, akamsubiri aonje tena, kisha akasema huku anafuta sinia:

"Shemeji, siku hizi macho yangu mabaya, nasahau. Tufanye hivi. Nikiweka kijiko ndani ya glasi, mimi nimeridhika. Nikikiweka nje, kunja uso, sema bado."

"Kwa nini?"

"Nimesema macho yangu mabaya."

Hawakulizungumza tena. Miezi kumi na moja kijiko kilisema na Ulimi akagonga, na kiwanda kikaendelea kusifu ulimi wa mtu mmoja huku kikinywa kutoka kwenye ulimi wa mwingine.

Kisha ikaja ziara ya bodi. Wajumbe tisa wamevalishwa makoti meupe na nyavu za kichwani, wanafanana na mkutano wa wauza mikate. Kila mtu alijua wamekuja kumtazama nani. Zamu iliyotangulia ilikuwa imepika shira ya tangawizi, na tangi halikusuuzwa vizuri kabla ya kutiwa ya machungwa. Mpishi alilinusa hilo mapema. Akaleta sinia, glasi katikati, kijiko pembeni.

Ulimi alikuwa katikati ya hadithi ya jino la mtu. Wajumbe wanacheka, mwenyekiti wa bodi anafuta machozi, na Mkurugenzi wa Mauzo anatabasamu kama mtu aliyekanyagwa. Bila kutazama, Ulimi akanyanyua kijiko, akakoroga, akaonja, akatazama dari. Akagonga mara mbili.

"Mkurugenzi," Mpishi akasema polepole, "labda uonje tena."

"Mnamwona? Miaka thelathini na minne, leo ndio anataka kunifundisha kazi."

Wakacheka wote. Mpishi alisimama na mkono kwenye koki muda ambao ungetosha mtu kufunga kamba za viatu. Kisha akafungua.

Siku ya tatu makreti yakaanza kurudi. Wenye maduka walipiga simu wakiuliza kama kampuni imeanza kuuza dawa ya kikohozi. Mmoja alisema wateja wake wanaomba kijiko, watumie mara tatu kwa siku baada ya chakula. Bodi haikucheka. Ikataka ripoti, nani aliruhusu tangi lile.

Ulimi aliketi mbele ya fomu, na hapo ndipo vidole vyake vilipokumbuka. Kijiko alichokinyanyua mbele ya wajumbe kilikuwa kikavu na baridi. Kijiko kinachotoka ndani ya glasi huwa kimelowa.

Angeandika kweli kwa mistari miwili. Badala yake aliandika mingi. Aliandika kwamba glasi aliyoletewa haikutoka kwenye tangi lile. Kwamba mhusika wa chumba cha shira, kwa kuficha uzembe wa usafi, alileta sampuli ya tangi jingine. Hapakuwa na njia nyingine ya kuuokoa ulimi ila kumfanya Mpishi mdanganyifu. Akasaini. Kalamu haikukwama hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Mpishi aliitwa mbele ya kamati. Wakamsomea. Wakamuuliza ana la kusema.

Alimtazama shemeji yake, aliyekuwa anatazama meza. "Sina."

Akatoka getini na kikombe chake cha chai ndani ya mfuko wa plastiki. Mlinzi alitaka kumtania kama kawaida, akamwona uso, akamfungulia geti tu.

Jumapili Ulimi alikwenda kwake, na kumbe mkewe alikuwa amemtangulia, amekaa kwenye mkeka anashona kifungo cha shati la kaka yake. Mkurugenzi akabaki wima, na hakuna aliyemwambia kaa.

"Shemeji," akaanza, "hili ni la muda. Nikishakalia kile kiti nakurudisha. Ndani ya mwezi."

"Unirudishe nikiwa nani? Mdanganyifu aliyesamehewa?"

"Nitalisafisha jina lako."

"Kwa maji gani?" Mpishi hakupaza sauti. "Niulize kimoja tu. Kijiko ulikiona?"

"Wallahi sikukiona. Nilikuwa naongea na wale watu."

"Hilo naliamini. Wewe ukishika hadithi hata moto huuoni. Na mimi nina langu, nilifungua koki. Ningekataa, wangejua palepale, nikaona haya kukuumbua mbele ya watu. Sasa niambie. Baadaye ulikumbuka?"

Ulimi akatazama kizingiti.

"Ulikumbuka kabla ya kuandika, au baada?"

Uzi ulisimama kwenye kifungo. Mke wake alinyanyua kichwa, na ndani ya kimya kile akahesabu kila kitu: kijiko, miezi kumi na moja, fomu. Kaka yake hakuwahi kumwambia kwamba anajua. Mumewe hakuwahi kumwambia kwamba kuna mwingine anayembeba. Yeye na kaka yake, kila mmoja alidhani yuko peke yake na ile siri, na yule aliyeibeba mgongoni ndiye aliyetupwa nje.

"Kabla," Ulimi akasema.

Mpishi akatikisa kichwa kama fundi aliyepata kipimo alichokuwa akikishuku. "Basi nenda nyumbani, shemeji. Jua linakuchoma hapo mlangoni."

Mkewe akamalizia kifungo, akakata uzi kwa meno. "Asante ya punda," akasema. Mateke hakuyataja.

Kiti alikipata. Siku ya kwanza wafanyakazi walipangwa uani, akaletewa glasi ya machungwa juu ya sinia mpya yenye kitambaa, kijiko kimezama ndani, kwa sababu aliyeileta hakujua lolote kuhusu vijiko. Mkurugenzi Mkuu akakoroga, akaonja, akatazama juu. Akagonga mara mbili. Wakampigia makofi. Nyuma ya umati dirisha la chumba cha shira lilikuwa wazi, na mtu asiyemjua alikuwa ameegemea hapo, naye anapiga makofi.

Alirudi nyumbani mapema na shada la maua la kampuni. Nyumba ilikuwa safi, nguo zake zimepigwa pasi, chakula kimefunikwa mezani. Mkewe hakuhama wala hakununa. Alimpakulia kama siku zote, sahani ikakaa sawasawa mbele yake, na maji ya kunawa yakaletwa. Kisha akaenda zake kwenye cherehani, chumba cha pili, mlango wazi.

Mume akafumba macho kwa mazoea. Akasubiri. Cherehani ikakimbia, ikasimama, ikakimbia tena.

"Mama," akaita, "leo kuna nini?"

"Chakula."

Akachota kijiko cha mchuzi, akakiweka mdomoni, akakizungusha. Kilikuwa cha moto. Zaidi ya hapo hakujua.

"Chumvi je? Imetosha?"

Cherehani ikasimama.

"Si wewe ndiye Ulimi," sauti ikasema, bila hasira hata ile ya kumwagia kwa mkono. "Onja."

Akaonja tena. Akatazama dari ya nyumba yake mwenyewe, muda mrefu.

"Imetosha," akasema.

Mkewe akarudisha mguu kwenye kanyagio na kuendelea kushona. Hakumwambia kama alikuwa ameitia.