Mvumo Ndani ya Mkebe wa Biskuti

Mimi ni fundi wa redio, na fundi wa redio ana ugonjwa wake: akisikia kelele kwenye spika hali wala halali mpaka ajue inatoka wapi. Hapa Majengo wananijua kwa hilo. Jirani yangu mwenye duka husema nikifa nitaamka kwenye jeneza nirekebishe kipaza sauti cha mazishi.

Ndugu yangu mdogo alikuwa mwimbaji wa mugithi: mtu mmoja, gitaa moja, na baa nzima imejipanga mstari kucheza. Jumamosi zake zote zilikuwa za Nanyuki. Kisha koo likaanza kumkwaruza, miezi ikapita tukisema ni baridi, mama akimchemshia tangawizi. Haikuwa baridi. Daktari alisema ili aishi lazima wamtoe kiungo cha sauti, na baada ya hapo hataimba wala kuzungumza. Upasuaji ulipangwa baada ya wiki tatu.

Akaniambia anataka kurekodi nyimbo tano za kumwachia binti yake. Binti huyo alikuwa na miaka sita, na amepewa jina la mama yetu, kwa hivyo mimi na ndugu yangu humwita mama. Shida ilikuwa pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachofanya gitaa lake litoe sauti ya kukwaruza. Yake ilikuwa imeibwa Nanyuki. Nikamwambia asijali, nitamtengenezea nyingine.

Niliiunda kwa siku mbili, kwa vipuri vya redio zilizokufa, ndani ya mkebe wa biskuti. Mkebe niliupaka rangi nje na ndani, mara mbili, kwa sababu ukungu wetu wa Julai hula bati. Sisi wa huku mlimani hatuachi chuma uchi. Alipochomeka gitaa, spika ikatoa mvumo mzito, mmmmm, hata kabla hajagusa waya.

"Iko sawa," akasema, sauti yenyewe ikiwa imebaki nusu. "Wacha tu niimbe."

"Ati iko sawa? Zii. Ngoja kidogo niitoe hiyo kitu."

Hiyo kidogo ilikula wiki zote tatu.

Nilitoa stima nikaweka betri, mvumo ukabaki. Nikabadilisha kapasita, nikabadilisha transista, nikafupisha nyaya. Nikawaomba wapangaji wenzangu wazime friji na televisheni, wakazima huku wameninunia. Kila nilipobadilisha kitu, ndugu yangu alikuja kutoka kwake Giakanja, akavaa gitaa, akaanza mstari wa kwanza, nami nikisikia ule mvumo nikapaza sauti: "Simama! Simama!" Akasimama. Yeye hakunikasirikia hata siku moja. Mimi ndiye niliyemkasirikia, nikamwambia anashika gitaa vibaya. Siku moja akaomba aimbe bila pedali, gitaa kavu. Nikamjibu kwamba mtoto wake hatasikia kazi ya ovyo iliyotoka kwangu. Nilisema hivyo hasa, kwangu, kana kwamba nyimbo zilikuwa zangu.

Jumatatu ya upasuaji ikafika, wakampasua.

Jumatano nilitoka kumwona hospitalini, shingo imefungwa bandeji, nikakaa mbele ya ule mkebe na mita. Nikapima kati ya bati la mkebe na waya wa ethi, ule unaopaswa kushikana na bati ili mkebe uzuie kelele, kitu ambacho sikuwa nimekipima kwa sababu nilikifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Mita haikusogea. Waya ulikuwa umekaa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme, haugusi bati, kwa hivyo mkebe haukuzuia mvumo wowote wa stima za nyumba. Ulikuwa pambo tu. Nikakwangua rangi kwa kisu, mahali padogo kama ukucha, nikafunga waya tena. Mvumo ukakatika. Chumba kikanyamaza, nami nikalia mpaka jirani akaja kubisha mlango.

Ndugu yangu yuko hai. Analima kabeji, akitaka kukuita anagonga meza, na akiwa na neno anaandika kwenye daftari. Sijawahi kumwuliza kama amenisamehe, maana naogopa kusoma jibu.

Juzi nilienda kwake, nikamkuta binti yake na simu ya zamani ya babake. Kumbe kila ndugu yangu alipokuja kwangu aliiweka mezani ikirekodi. Kuna vipande kumi na kimoja. Anaimba mstari mmoja, mara moja moja miwili, kisha naingia mimi.

"Anko, mbona hukuwa unamwacha amalize?"

"Kulikuwa na kelele, mama."

Akarudia kipande kimoja, simu imebanwa sikioni, uso ameukunja. "Kelele gani? Mimi siskii."

Nikaichukua simu. Spika ya simu ni ndogo, haiwezi kutoa sauti nzito kama ile. Fundi yeyote anajua hilo. Nilisikiliza vyote kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine, mtoto akinitazama. Mvumo haumo. Yumo ndugu yangu akiimba, na mimi nikimnyamazisha.