Kadi Zinazosubiri Ruhusa ya Mama Mkwe

Saa saba mchana, bati limewaka moto na nje hakuna hata jani linalotikisika. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya vyumba vitatu, mwanamume wa miaka arobaini na sita amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kidole kimoja kiko kwenye kibodi. Kiganja cha mkono wa pili amekiinua nyuma ya feni ndogo, kama mzazi anayempima mtoto homa.

"Huyu anachemka," anasema. "Ngoja nimpunguzie."

Anabonyeza, anasubiri. Feni iliyokuwa ikilalamika inashusha sauti. Kwenye skrini, namba inatoka wati 121 inatua 115, na kasi ya kazi haijatikisika. Anachukua chaki ya kushonea nguo, anafuta namba ya zamani kwenye ubao, anaandika mpya.

"Wati sita," anasema. "Hizo ni za Mama."

Mama ni mama mkwe wake. Yuko chumba cha pili, wametenganishwa na ukuta mmoja tu. Amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, mpira mwembamba puani. Mpira huo unatoka kwenye mashine ya oksijeni iliyo kando ya kitanda, kubwa kama kabati dogo la viatu. Mashine hiyo haipumziki. Inakula umeme mchana na usiku, na umeme wake unalipwa na kadi zilizo upande huu wa ukuta.

Mkwe wake huyu, mtaani wanamwita Barafu. Ni jina la enzi zake za ufundi friji, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa mpaka friji la bucha lilipomwelemea kwenye ngazi na kumharibu mgongo.

"Daktari akaniambia nisibebe kitu kizito. Nikamuuliza, kizito kiasi gani? Akasema hata ndoo ya maji mwachie mkeo."

Mkewe, fundi cherehani, anadakia kutoka chumba cha mbele bila kuinua kichwa. "Na mimi nikamwambia daktari, hizo ndoo nani alikuwa anazibeba siku zote?"

Barafu aliuza mitungi yake ya gesi na vifaa vyote vya friji. Kwa fedha aliyopata akanunua kadi sita za picha, zile zinazowekwa kwenye kompyuta ili gemu zichezwe bila kukwamakwama. Zilikuwa kuukuu, zimetoka kwenye ukumbi wa gemu uliofungwa. Akazifunga kwenye ubao, akaziunganisha na kompyuta moja, akaanza kuchimba sarafu za kidijitali. Kadi zinafanya hesabu nyingi mfululizo za kulinda kumbukumbu za sarafu hiyo, na kwa kazi hiyo zinalipwa vipande vyake vidogo.

Tuseme ukweli. Wengi walioingia kwenye kazi hii wametoka mikono mitupu. Bei ya sarafu inapanda na kushuka bila kuaga. Ya umeme ndiyo haishuki.

Barafu mwenyewe hajatajirika. Mwezi mzuri, kadi zinalipa umeme wa nyumba nzima na kubakiza hela ya mboga ya wiki mbili. Mwezi mbaya, zinalipa umeme wa mashine ya Mama, basi. Ndiyo maana kila wati anaikodolea macho.

"Watu wanadhani ni kukanyaga mafuta tu," anasema. "Kadi ikitoka dukani imepangwa ikimbie kwa nguvu zake zote, kwa sababu mcheza gemu hajali bili. Bili analipa baba yake."

Kadi zake zilikuwa zikila wati mia mbili kila moja. Akaanza kuzifundisha adabu. Aliziwekea kikomo cha umeme, akapunguza kasi ya kiini, yaani sehemu inayopiga hesabu. Kisha akaongeza kasi ya kumbukumbu ya kadi kidogo kidogo, maana sarafu anayochimba inategemea zaidi kumbukumbu. Anashusha mpaka kadi ianze kuyumba na kukosea hesabu, halafu anarudi hatua moja nyuma na kuiacha hapo siku mbili aone kama itavumilia. Leo zote sita kwa pamoja hazifiki wati mia saba, na zinachimba karibu sawa na zamani.

"Ni kama maharage. Ukiongeza moto hayaivi haraka. Unakausha maji tu."

Kutoka chumba cha pili inasikika sauti nyembamba, inayokatika kila maneno mawili matatu. "Maharage... ameyajulia... kwangu."

Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini. Alipikia kuni, masufuria yenye urefu wa kumfika kifuani, katika jiko lenye dirisha moja. Moshi ule ndio aliostaafu nao. Alipokuja kuishi hapa miaka miwili iliyopita, muuguzi aliyemleta alisema maneno mawili ambayo kila mtu nyumbani anayakumbuka: mashine isizimike.

Binti yake anasema mama huyo hakumtaka Barafu hapo mwanzo. Mama anasikia, anatikisa mkono kuonyesha kuwa jambo hilo atalieleza mwenyewe.

"Nilikataa," anasema, akipumzika katikati. "Nilisema binti yangu... haolewi... na mtu wa kunusa gesi."

"Na sasa, Mama?" anauliza Barafu, amesimama mlangoni.

"Sasa gesi... nanusa mimi."

Anacheka mpaka anakohoa, na Barafu anamshika bega mpaka kikohozi kipite.

Ni Mama aliyezipa kadi majina, kwa kuzisikiliza tu kupitia ukutani. Mluzi ni ile inayopiga mbinja ikichoka. Mvivu inachelewa kuamka. Nyingine anaiita Mgonjwa wa Jumatatu, kwa sababu hugoma wiki inapoanza. Asubuhi Barafu anapoingia kumwamkia, Mama akishaitikia, swali lake ni lile lile: "Mkwe, watoto wameamkaje?" Barafu anamsomea joto la kila mmoja, kuanzia wa kwanza hadi wa sita, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.

Lakini watoto hao nusura wamkoseshe Mama pumzi. Habari hiyo anaisimulia mke wa Barafu, akiwa ameacha cherehani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ilikuwa mwaka jana, mchana kama huu. Barafu alikuwa ameitwa kwa kinyozi wa barabara ya pili, ambaye ana kadi mbili nyuma ya kioo chake na kila akizigusa anaziharibu. Mke alikuwa akipiga pasi sare za mteja. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwa umepelekwa kujazwa. Umeme ukakatika.

"Nikamwambia mama atulie, utarudi. Na kweli ukarudi baada ya muda mfupi. Mashine ikalia, nikashukuru. Halafu pap! Swichi kuu ikajikata."

Nyumba ina laini moja ya umeme, na swichi kuu inavumilia takriban wati elfu mbili na mia tatu. Kwa siku za kawaida kadi zilizopunguzwa, mashine ya Mama na pasi vinaenea. Ila vikomo alivyoviweka Barafu vilikuwa vinaanza kufanya kazi baada ya programu yake kufunguka. Umeme uliporudi, kompyuta ilijiwasha yenyewe, na kadi zote sita zikaanza kazi kwa nguvu za dukani, wati mia mbili kila moja. Pasi nayo ilikuwa bado imechomekwa.

"Nikainua swichi. Ikaanguka. Nikainua tena, ikaanguka. Pasi wala sikuikumbuka, akili yote iko kwa mama. Nikafikiria kadi. Nikakimbilia plagi yake. Halafu nikasimama na mkono hewani."

Anamtazama mumewe. Barafu anatazama sakafu.

"Alikuwa ametukataza sote, mpaka wageni. Ile plagi ya kijivu msiiguse, mtaniharibia kazi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuigusa. Mama yangu anahangaika pumzi, na mimi naogopa plagi."

Aliyeamua ni Mama mwenyewe. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alikuwa akimwona binti yake kupitia mlango ulio wazi. Akasema neno moja: "Chomoa."

Akachomoa. Akainua swichi, ikashika. Mashine ya oksijeni ikalia na kuanza kupumua.

Barafu aliporudi alimkuta mkewe amekaa chini sakafuni, plagi ya kijivu bado mkononi, hataki kuiachia.

"Hakuniuliza kitu," anasema mke. "Alikaa chini pembeni yangu. Tukakaa hivyo mpaka watoto wetu wakarudi kutoka shuleni."



"Nilikuwa nimezipanga vizuri zikiwa macho," anasema Barafu. "Sikufikiria zinavyoamka."

Kesho yake alibadili mambo mawili. La kwanza, alichukua kitambaa chekundu kwenye mabaki ya mkewe, akakifunga kwenye plagi. Akamwita kila mtu wa nyumba, hadi binti yao wa darasa la pili, akawaonyesha: hii, kukiwa na shida yoyote, ndiyo ya kwanza kuchomolewa, na hakuna atakayegombezwa. Binti akaambiwa aichomoe kwa majaribio. Akaichomoa, kadi zote sita zikanyamaza, akamtazama baba yake kwa wasiwasi. Baba akapiga makofi.

La pili, aliizuia kompyuta kujiwasha yenyewe. Umeme ukikatika, kadi zinabaki zimelala mpaka aje mtu aziamshe, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imeshafungwa kikomo chake kabla ya kupewa kazi. Barafu akiwa mbali, zinalala mpaka arudi. Nusu siku ya uchimbaji inapotea hivyo hivyo.

Kinyozi anamcheka. Amepita mchana huu kuulizia kadi yake moja, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Barafu, wenzako wanachimba, wewe unalinda plagi! Unajua hela ngapi zinapita hapo?"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa zipite. Wewe kanyoe watu."

Hela anazijua vizuri, maana kuna kitu anazikusanyia. Anataka betri kubwa na inverta ya kuugeuza umeme wake uwe kama wa ukutani, vitakavyoiendesha mashine ya Mama kwa saa tatu umeme ukikatika. Amefikisha zaidi ya nusu ya bei yake. Lakini betri nayo inahitaji kuchajiwa kwenye laini hiyo hiyo moja, na laini haijaongezeka. Ndiyo kazi ya mchana huu, na ya kila mchana, wakati joto liko juu na kadi haziwezi kudanganya. Anawinda wati za kuchajia betri ambayo bado hajainunua. Tano kwa Mvivu, sita kwa huyu wa leo. Amefikisha arobaini. Anataka mia.

"Betri ikija halafu swichi ikaanguka tena, nitamwambia nini?" anauliza.

Mama ana mipango yake kuhusu betri hiyo. Mpira wa puani unamfikisha mlangoni mwa chumba chake tu. Hajakaa nje tangu aje. Barafu amemwahidi kuitengenezea betri kigari chenye magurudumu, ili yeye na mashine yake wafike barazani.

"Nitakaa... pale nje," anasema Mama. "Huyo kinyozi... apite... acheke... mbele yangu."

Saa tisa kasorobo, umeme unakatika.

Kelele ya kadi inayeyuka mara moja. Cherehani inanyamaza. Mashine ya oksijeni inapiga mlio mrefu wa kulalamika, na Barafu, ambaye mgongo wake hauruhusu kukimbia, anakimbia. Hazitazami kadi. Anafungua mtungi wa akiba, anahamisha mpira, anasoma mshale wa kipimo, anamtazama Mama midomo. Kisha anakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Inaingia, Mama?"

Mama anaitikia kwa kichwa. Kutoka mbele, mke anapaza sauti: "Pasi nimechomoa!"

Wanakaa. Chumba kimya hivi, unasikia bati likilia kwa joto. Mama ameshika kiwiko cha mkwe wake, na mkwe hajisogezi.

Umeme unarudi baada ya dakika chache. Mashine inalia, inaanza kuvuma. Barafu anaurudisha mpira, anafunga mtungi, anakaa tena. Upande wa pili wa ukuta kadi sita zimelala, na kila dakika zinapolala ni hela inayopita. Hasimami. Anamsikiliza Mama akivuta pumzi, nyingine, na nyingine, mpaka mabega yake yanashuka.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Kawaamshe... watoto."

Anainuka, mkono mmoja kiunoni.

"Taratibu," anasema Mama. "Anza na Mvivu."

Muda mfupi baadaye, nyuma ya ukuta, feni moja inaanza kuzunguka.