Gari Lilipokwamuka

Jana sokoni Nyaramba nilisimama kuangalia gari kuukuu la fowili, lile la kupandia milima, linalouzwa. Sikuwa na nia ya kununua. Mimi huangalia kila kitu. Mwenyewe alipofungua mlango wa nyuma, harufu ya majani chai mabichi yaliyokaa kwenye gunia ikanipiga usoni.

Nilipokuwa mtoto, Mama alilazwa juu ya magunia kama hayo. Jirani yetu ndiye pekee aliyekuwa na gari kule mlimani, na tulikuwa tunampeleka Mama hospitali. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Tukakwama kwenye tope.

"Wenye miguu washuke wasukume!" jirani akasema.

Nilikataa. Mama akanishika kidole.

"Shuka, mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita. "Likitoka utapanda."

Tukasukuma, watu wazima na mimi, viganja kwenye mlango wa nyuma. Magurudumu yakaturushia tope hadi mdomoni. Ghafla gari likakwamuka. Kila mtu akapiga kelele, "Usisimame! Usisimame!" kwa sababu likisimama litakwama tena. Mimi nilipiga kelele kuwashinda wote, tena nikicheka. Likapanda, likapinda penye mikaratusi, likapotea. Mama sikumwona tena akiwa hai.

"Sista, hilo halisukumwi," mwenye gari akanicheka. "Linawaka lenyewe."

Nikaona viganja vyangu viko mlangoni. Nikavitoa polepole. Mimi ninayeuliza kila kitu, sikumuuliza gari hilo alilitoa wapi.