Magoti Yasiyo na Kovu

Binti yangu alifika miaka minne bila kovu hata moja gotini, na nilijivunia magoti yale. Tunaishi mtaa wa Tena, orofa ya nne, chumba kimoja. Keateka wa ploti, mzee mtunza jengo mwenye funguo nyingi na huruma kidogo, ameandika ngazini kwa rangi nyekundu: WATOTO WASICHEZE HAPA. Nilitii. Nilimshusha nimembeba, nikampandisha nimembeba. Nilimfunga vifungo na kumlisha mwenyewe asije akachafua gauni. Majirani walinisifu kwa kuwa na mtoto msafi, nami nikavimba kichwa.

Novemba nilimpeleka shule kwa intavyuu ya kuingia PP1, darasa la kwanza la chekechea. Mwalimu alichora mstari kwa chaki, akamwambia aufuate akiruka kwa mguu mmoja. Mtoto akanigeukia, akanyoosha mikono nimbebe. Akapewa shanga atunge kwenye uzi, zikamwagika zote.

"Mama," mwalimu akauliza, bila ubaya wowote, "kwani huyu amekuwa akikaa wapi?"

Kitandani. Amekaa kitandani na simu yangu mkononi. Nikainama nikaokota shanga. Mwalimu akasema atamjaribu tena Januari, na akishindwa ataanza na wale wa nepi.

Nilirudi nyumbani na hasira. Mimi nililelewa Kaloleni, nyumba za chini, uwanja mlangoni, na nilijua kuruka blada, ile kamba ya mpira, kabla sijashika penseli. Nani alinifundisha? Hakuna. Tulifukuzwa tu nje asubuhi. Leo niishi juu, halafu binti yangu alipie kwa miguu yake? Hapana!

Jumamosi fundi wa baiskeli alinipa tyubu kuukuu. Nikaikata vipande vyembamba, nikaviunganisha kuwa kamba ndefu, tukapanda kwenye paa tunakoanika nguo. Ncha moja nilifunga kwenye nguzo, nyingine nikajifunga miguuni. Alianguka mara tatu, goti likachubuka, akalia. Mikono iliniwasha kumbeba. Sikumbeba.

"Inuka," nikamwambia. "Tunaendelea."

Kuanzia siku hiyo alishuka ngazi mwenyewe, akishika ukuta, na wenye haraka nyuma yetu wakangoja. Minji alimenya yeye, nusu ikaishia chini ya kitanda. Gauni lilichafuka nikaliacha lichafuke.

Siku ya tatu keateka akatupata kwenye paa.

"Mathe, si ulisoma pale kwa ngazi?"

"Nilisoma."

"Na bado mnaruka?"

"Andika notisi, mzee. Nitaipokea kwa mikono miwili, lakini mtoto ataruka."

Notisi ilikuja kweli, Jumatatu iliyofuata. Lakini kufikia siku hiyo akina mama sita walikuwa wamewaleta watoto wao kwenye paa, na keateka angelazimika kufukuza karibu orofa nzima. Karatasi yake tuliifungia njugu.

Januari mwalimu alichora mstari ule ule. Binti yangu akainua mguu wenye kovu, akaruka hadi mwisho wa chaki, akapitiliza, akatoka mlangoni. Mwalimu akamwita arudi kwenye shanga. Nikainuka kwenda kumchukua, mikono tayari nimeinyoosha.

"Mum, wacha," akasema. "Usinibebe."

Nikaketi.