Jino Langu Limo Ukutani

Jino langu la mbele limo kwenye ukuta wa watu hadi leo. Wageni hulitazama wakinywa chai, wakidhani ni pambo.

Naeleza haya nikiwa na akili timamu, na pengo.

Ilikuwa likizo. Mwanafunzi wa bweni akifika nyumbani hasikii kengele wala hamwogopi mwalimu wa zamu, kwa hiyo hutafuta dhambi. Mimi nilikabidhiwa kwa mjomba, fundi wa lipu za mapambo.

Kazi ilikuwa sebuleni kwa baba wa mchumba wake, bondia mstaafu. Watu walimwita Nyundo, na si kwa sababu ya useremala.

"Ukuta huu nautaka kijani, kile cha kutulia," alisema Nyundo. "Nyekundu nimeiona ya kutosha ulingoni. Ukinipendeza, tunapanga harusi. Usiponipendeza, mlango hutauona. Utatokea dirishani."

"Sawa, mzee," mjomba akajibu, jasho likimtiririka.

Tulikuwa na ndoo mbili za lipu: kijani ya pale, na nyekundu ya kazi nyingine. Mjomba alikuwa na mazoea ya kutia alama kwa kisu juu ya mifuniko. Mkato mmoja, kijani. Miwili, nyekundu.

Alipokwenda kunawa, nikabadilisha mifuniko.

Mzaha wa kawaida kabisa. Atafungua, ataona wekundu, atanitukana, tutacheka.

Akafungua. Akachota kwa mwiko wa chuma. Akaanza kupaka, tena huku anapiga mluzi.

Nusu ya ukuta ikawa nyekundu kama bucha. Mjomba akaegemea nyuma juu ya ngazi, akakunja jicho.

"Umekiona kijani hicho, mpwa wangu? Kimetulia."

Fundi mzima wa rangi, hatofautishi nyekundu na kijani! Miaka yote hiyo ameishi kwa mikato ya mifuniko.

"Mjomba..." nikaanza.

Mlango ukafunguka.

Nyundo akaingia, akauona ukuta. Ngumi ya kwanza ilimshusha mjomba kutoka kwenye ngazi. Ya pili ilimbandika mgongo kwenye lipu mbichi. Mjomba naye hakukubali kufa mseja: akamtandika mzee mwiko wa uso, mdomo ukapasuka. Ngumi ya tatu ikamkosa, ikazama ukutani. Ndoo ikapinduka. Wakabingirika sakafuni, wekundu mwili mzima, hujui ipi damu, ipi lipu.

"Baba, utaniulia mtu!" mchumba wa mjomba alilia, akiingia mbio na kumvuta baba yake shati.

"Nimepaka kijani, mzee! Kijani!" mjomba alikoroma, shingo ikiwa kwapani mwa Nyundo.

"Na bado unanifanya kipofu!"

Macho ya mjomba yakaanza kupinduka. Hapo utani uliniisha.

"Ni mimi!" nikapayuka. "Nilibadilisha mifuniko! Yeye rangi hizo hazioni!"

Nyundo akalegeza kwapa.

Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi.

Sijui nani alishika miguu na nani mabega. Najua walielewana vizuri. Nilikwenda ukutani kwa uso, nikarudi bila jino.

"Una mkono mzito, mkwe," Nyundo alisema akihema.

"Kukushinda wewe, baba?"

Harusi imepita. Ukuta haukuguswa: mgongo wa mjomba, ngumi ya mzee, jino langu, vyote vimekaukia humo. Nyundo anauonyesha kama mkanda wa ubingwa, na tayari wageni wawili wanataka ukuta uleule makwao, "pamoja na kile kipambo cheupe."

Jana mjomba kaniita dirishani, penye mwanga.

"Hebu fungua mdomo, mpwa wangu."

Funzo: kabla hujamtania fundi, muulize kwanza anaona nini. Na ukitaka kuungama, simama mbali na ukuta.