Karani na Kitambaa cha Kompyuta

Karani wa chama cha wakulima pale Bagara anaipenda kompyuta yake kama watu wanavyopenda mchumba. Asubuhi anaipangusa kwa leso, jioni anaifunika kitambaa cha kufuma, utadhani redio ya sebuleni. Tangu fundi aunganishe kompyuta za ofisi ili mafaili yote yakae pamoja mtandaoni, amejifanya mwalimu: "Faili likishapanda huko juu, limepona." Basi kila Ijumaa akawa anafuta yaliyomo kwenye kompyuta yake, mashine ipumue, kama mtu anayefagia uwanja akishapandisha mahindi darini.

Juzi asubuhi mafaili ya mkutano mkuu hayakuonekana kwa yeyote. Akakohoa kikohozi chake cha kikubwa, akamwambia meneja mbele ya watu, "Muulize Mama Natalia. Mikono yake haitulii." Mama Natalia, mpiga chapa aliyeajiriwa kwa mkataba, akaanza kulia, maana kibarua kilikuwa kinaota majani. Fundi akaitwa. "Ukifuta kwako, mzee wangu, na huko juu yanafutika," akamwambia karani, akafungua pipa la taka la mtandaoni. Mafaili yalikuwemo yote, na mbele ya kila moja jina la aliyelifuta. Jina lilikuwa moja, kuanzia juu mpaka chini. Karani, anayeulaani umeme kila ukikatika, siku hiyo akauomba ukatike. Haukukatika. Akatafuta kikohozi, hakikuja. Mama Natalia akapangusa macho, akamsogezea kikombe. "Kunywa chai, baba, itapoa."

Hakunywa. Alivuta kitambaa chake, akaifunika kompyuta asubuhi ile ile, akawa anakinyoosha pembe ambazo zilikuwa zimeshanyooka.