Ndege Aliyeitwa Bibi Harusi

Mume wangu hutembeza wageni kwenye msitu wa pwani, na kwa hilo anajiona mtu. Mimi nakata tiketi langoni, kwa hiyo najua maneno yake yote. Atawaonyesha kima, atawaonyesha hondohondo akimlisha mkewe aliyejifungia kwa udongo ndani ya tundu la mti, aseme ndoa ndiyo hiyo. Wageni hucheka. Mimi nimeshachoka.

Ila kipenzi chake ni kandege ka kahawia kanakoishi chini ya vichaka, kwenye majani makavu. Watembeza wageni wanakaita Bibi Harusi kwa sababu hakatoki nje. Hukaoni, unapiga mluzi wake, kanajibu. Ndege hao wamebaki wachache mno. Baba mkwe aliwafundisha wanawe wawili mluzi huo kabla hajafa.

Wanawe hao hawasemezani. Waligombea darubini ya marehemu, yenyewe jicho moja limepasuka. Tangu hapo shemeji yangu, ambaye ndiye mkubwa, anaingiza wageni upande wa mikoko, na mume wangu upande wa barabara. Wakikutana katikati, kila mmoja anatazama mti.

Kila alfajiri mume wangu alipiga mluzi, na Bibi Harusi akajibu kutoka upande wa mikoko. Alirudi kunywa chai uso umemnawiri. "Mke wangu, msitu bado mzima."

Mara ndege akanyamaza. Mume wangu akapiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Chai ikapoa mezani. Wageni akawa anawaonyesha kima bila hata utani.

"Amekufa," akaniambia. "Alikuwa wa mwisho."

Niliumia, jamani, kwa ajili ya ndege nisiyewahi kumwona.

Siku hizo hizo nikasikia shemeji anaumwa, nikaenda kumjulia hali. Ugomvi wao si wangu. Nilimkuta shavu limevimba kama ameficha limau, meno ya mbele yameng'olewa.

"Pole, shemeji."

"Meno si kitu," alisema, upepo ukimtoka mdomoni. "Siwezi kupiga mluzi. Kuna Bibi Harusi upande wenu, hunijibu kila asubuhi. Atadhani nimekufa."

Lo! Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Nyumbani sikuzunguka mbuyu. "Ndege wako kang'olewa meno," nikamwambia mume wangu.

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikamweleza. Akavaa viatu, akakata msitu katikati, mimi nyuma nahema.

Shemeji alifungua mlango mwenyewe. Mdogo wake hata hakumsalimu.

"Kaka, huyo Bibi Harusi umewahi kumwona?"

"Namsikia tu. Wewe je?"

"Namsikia tu. Upande wako."

Shemeji akashika mdomo.

"Kwa hiyo mle ndani hamna kitu," akasema. "Ni mimi na wewe tu."

Mume wangu akamkumbatia, wakalia kama watu waliofiwa. Mimi nikaenda jikoni kubandika chai, nikalia huko huko.